Umehesabu mizani, bado hujachambua: jibu kwa mwanafunzi wa Ilemela

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Ilemela, Mwanza. Mwalimu wetu alitunga shairi la beti nne liitwalo "Taa za Ziwani", akatupa tuchambue vina, mizani na urudiaji. Niliandika kwamba lina beti nne, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, vina vinatiririka na kuna takriri, hivyo ni shairi la kimapokeo. Nimepata alama 4 kati ya 15, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umehesabu, hujachambua. Na hesabu yenyewe ina kasoro." Kasoro iko wapi, na kuchambua ni kufanya nini zaidi ya hapo? Tena, shairi lisilo na vina wala mizani nalo huchambuliwaje?

JIBU: Marahaba. Kwanza wasomaji wengine walione shairi ulilolituma, maana nitalirejea karibu kila aya.

Jua lazama, ni giza, wavuvi wapo mwaloni,
Karabai wazijaza, mafuta toka chupani,
Nyavu wanazitandaza, wazipanga mtumbwini,
Taa zawaka ziwani, nani ajuaye kesho?

Makasia yainama, yainuka kwa makini,
Yainama, yasimama, mwili wote u jashoni,
Ufuko nyuma wazama, mawe ya Mwanza sioni,
Taa zawaka ziwani, nani ajuaye kesho?

Baba alipoondoka, alinishika begani,
Akasema, "Nitafika, chai iweke jikoni."
Kumekucha. Hakufika.
Taa zawaka ziwani, nani ajuaye kesho?

Karabai naiwasha, mama yupo mlangoni,
Macho yake yanakesha, hatoi neno kinywani,
Mtumbwi nauondosha, nauingiza majini,
Taa yangu i ziwani, nani ajuaye kesho?

Hesabu yako ina makosa matatu. Si kila mshororo una mizani 16: ule wa tatu katika ubeti wa tatu, "Kumekucha. Hakufika.", una mizani 8 basi. Vina havitiririki vyote, kwa sababu kina cha kati kinabadilika kila ubeti. Na urudiaji uliouita takriri, bila kusema ni wa nini, haukukamilika: kibwagizo kimerudiwa vilevile mara tatu, kisha mara ya nne kimebadilishwa nusu yake ya kwanza.

Yatazame hayo matatu kwa pamoja. Yote yapo baada ya ubeti wa kwanza. Ulihesabu ubeti wa kwanza kwa uangalifu, ukaamini kwamba beti nyingine zinaufuata. Kumbe mtunzi alijenga utaratibu ili apate mahali pa kuuvunja. Mishororo 15 ikifuata kanuni na mmoja ukaiacha, uchambuzi uanze na huo mmoja.

Turudi kwenye mizani, maana bila hesabu sahihi hutaona palipovunjika. Mizani ni silabi zitamkwazo, na njia ya uhakika ni kulinakili shairi kwenye karatasi nyingine ukiacha mstari mmoja mtupu kati ya mishororo, kisha kupiga kistari kidogo baada ya kila silabi huku ukisoma kwa sauti. Usihesabu kwa macho. Andika jumla ya kila kipande pembeni, nusu ya kwanza mbali na nusu ya pili. Nusu ya kwanza huitwa ukwapi, ya pili utao. Ukiandika "16" tu pembeni, hutajua kama ni 8 na 8 au 7 na 9, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayesikiliza.

Panapokosewa sana ni kwenye m na n. Neno "mtumbwi" lina silabi tatu: m-tu-mbwi. M ya mwanzo inasimama peke yake, ilhali ile ya katikati imebebwa na -mbwi. "Mlangoni" lina nne: m-la-ngo-ni. M inayotokana na mu- husimama peke yake hata ikikutana na b, ndiyo maana "mbuyu" ni m-bu-yu, silabi tatu, na "mbuzi" ni mbu-zi, silabi mbili. "Mtu mbaya" ina m-ba-ya, "habari mbaya" ina mba-ya; herufi ni zilezile, hesabu si ileile. Vivyo hivyo m ya mtendwa: "anambeba" ni a-na-m-be-ba, tano. Maneno mafupi kama nchi, nta na mbwa yana silabi mbili mbili, kwa kuwa sauti ya mwanzo ndiyo inayobeba mkazo.

Irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili. "Taa" ni ta-a na "chai" ni cha-i. Anayehesabu "taa" kuwa moja ataona kibwagizo kina mizani 15, kisha atamlaumu mtunzi bure. Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili pamoja, kama labda, daftari na alfajiri, yana ubishi: wapo wanaohesabu daf-ta-ri na wapo wanaohesabu da-f-ta-ri. Ukikutana nayo usiamue kwa kanuni uliyoikariri. Tazama mishororo ya jirani ambayo haina utata, uone hesabu ipi inalisawazisha shairi, kisha ufuate hiyo hadi mwisho.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wanafunzi: kuita inkisari kila neno lililo fupi. "Toka" badala ya "kutoka" ni inkisari kweli, silabi imekatwa. Lakini "zawaka" haijakatwa popote. Ni wakati uliopo wa -a-, kiungo halali cha sarufi, na mtunzi ameuchagua kwa sababu "zinawaka" ingekipa kipande mizani 9. "Ajuaye" nayo ni sarufi safi. "Anayejua" ingefikisha mizani 9 vilevile. "U jashoni" na "i ziwani" ni namna kongwe ya kusema uko na iko. Andika hivi: mtunzi amechagua maumbo mafupi yaliyomo katika lugha ili kulinda mizani 8. Ni sahihi zaidi, na inaonyesha unajua sarufi yako.

Sasa vina. Kina ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. "Pita" na "dagaa" havina kina kimoja ingawa vyote vinaishia kwa a, kwa kuwa kimoja kina -ta na kingine -a. Kanda ya Ziwa wengi hubadilishana r na l wanapozungumza, na sikio likishazoea hivyo huona "kura" na "kula" zina kina kimoja. Hazina. Kwenye vina, sikiliza kwanza, kisha hakikisha kwa maandishi.

Katika shairi hili kina cha mwisho, -ni, kinakwenda beti zote nne. Kina cha kati ni -za katika ubeti wa kwanza, -ma katika wa pili, -ka katika wa tatu, -sha katika wa nne. Mpangilio huo, ambapo kina kimoja hudumu na kingine hubadilika, huitwa ukara. Mtiririko ni pale ambapo vina vya kati na vya mwisho vyote viwili hudumu toka mwanzo hadi mwisho; ukaraguni ni pale vyote hubadilika ubeti kwa ubeti. Kama mwalimu wako hatumii majina hayo, eleza mpangilio wenyewe kwa maneno ya kawaida; jina bila maelezo halikuongezei kitu.

Kutaja ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuuliza: vina hivi vimeleta maneno gani mwisho wa mishororo? Mahali pa kina ndipo sikio linapotulia, hivyo neno lililoketi hapo husikika kuliko mengine. Yaandike maneno hayo peke yake, yashuke chini kama orodha, bila mishororo yao. Mwaloni, chupani, mtumbwini. Makini, jashoni, sioni. Begani, jikoni. Mlangoni, kinywani, majini. Maneno ni 11, na 9 kati yake ni ya mahali.

Hapa mchambuzi lazima atoe hukumu. Kina cha -ni ya mahali ndicho rahisi kuliko vyote katika Kiswahili, kwa sababu karibu kila nomino hukipata ukiiongezea kiambishi. Mashairi mengi dhaifu yanakimbilia hapo. Ukiandika kwamba vina vya mwisho ni vyepesi, hutakuwa umekosea. Lakini soma orodha tena. Ubeti wa kwanza unatupeleka mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, na mtumbwini. Wa tatu uko begani na jikoni, yaani nyumbani. Wa nne unaanzia mlangoni na kuishia majini. Kila jambo tumeambiwa lilipo. Mtu mmoja tu hatukuambiwa alipo, na huyo ndiye baba.

Mshororo wa "Kumekucha. Hakufika." una ukwapi peke yake. Utao haupo, na utao ndio uliopaswa kubeba kina cha -ni, yaani mahali. Jaribu kuujaza mwenyewe uone kinachotokea. "Kumekucha, hakufika, mtumbwi u mchangani." Mizani ni 8 kwa 8, vina vimekamilika, hakuna wa kulalamika. Na shairi limekufa, kwa sababu sasa tunajua mtumbwi ulikoishia, na mtoto amepata jibu. Katika shairi la mwalimu wako kilichopo ni kimya cha mizani 8. Anayelisoma kwa sauti, ambaye tayari amezoeshwa na mishororo 10 iliyotangulia, hulazimika kunyamaza pale ambapo sauti ilitakiwa kuendelea.

Jaribio hilo la kujaza au kubadilisha ndilo chombo kizuri kuliko vyote nilivyo navyo cha kukupa. Ukitaka kujua mbinu inafanya kazi gani, iondoe, weka kitu kingine kinachofaa kisarufi, kisha useme nini kimepotea. Kilichopotea ndiyo athari yake, na athari ndiyo mwalimu wako anayoitafuta.

Utauliza, je, huo mshororo si guni? Guni ni shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na wapo wasomaji wakali watakaolitia humo bila kusita. Mimi sikubaliani nao hapa, na sababu zangu zinapimika. Mtunzi anayeteleza hupata mizani 15 au 17. Hapati nusu kamili iliyokatwa pale pale kipande kinapokwisha. Nusu iliyobaki ina mizani 8 sawasawa na kina cha -ka kilekile cha ubeti huo, kwa hiyo anajua kanuni anayoiacha. Na amekata pale habari inapogeuka, si mahali popote tu. Usiseme ni msuko pia. Msuko ni pale mshororo wa mwisho wa ubeti unapokuwa mfupi kuliko mingine kwa utaratibu. Huu ni wa tatu, na umetokea mara moja.

Mizani ina upande mwingine ambao majibu ya wanafunzi huuacha karibu kila mara: mapigo ndani ya mizani. Vipande viwili vyenye mizani 8 vinaweza kwenda kwa mwendo tofauti kabisa, kutegemea maneno yanavyogawanyika. Soma kwa sauti mishororo miwili ya kwanza ya ubeti wa pili:

Makasia / yainama, / yainuka / kwa makini,
Yainama, / yasimama, / mwili wote / u jashoni,

Kila fungu lina silabi nne, na mkazo unaangukia silabi ya tatu ya kila fungu: makaSIa, yaiNAma, yaiNUka. Ni pigo moja linalorudi mara nane bila kubadilika, na ndivyo kasia linavyokwenda. Mtunzi hakusema kwamba wanapiga makasia kwa mfuatano, ametufanya tupige. Kisha mshororo wa tatu unavunja mwendo: "Ufuko / nyuma / wazama" ni tatu, mbili, tatu, "mawe ya Mwanza / sioni" ni tano na tatu. Mizani ni 16 kama kawaida, lakini kasia limesimama. Ni pale mtu anapogeuka kutazama nyuma.

Sasa urudi kwenye "Kumekucha. Hakufika." Nne na nne. Pigo la kasia limerudi, mapigo mawili tu, kisha likakatika. Nadhani hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika shairi hili, na halionekani kabisa kwa aliyeandika "mizani 16" akapita.

Tuje kwenye urudiaji. Uliandika "kuna takriri" ukaweka nukta. Takriri ya nini? Sauti, neno, kirai, mshororo mzima, au muundo wa sentensi? Na kati ya mara ya kwanza na ya pili, kitu gani kimebadilika? Swali hilo la mwisho ndilo muhimu, kwa sababu neno lililorudiwa halirudi likiwa na uzito uleule. Mazingira yake yamekwisha kuhama.

Chukua kitenzi "zama". Mwanzo kabisa "jua lazama". Ubeti wa pili, "ufuko nyuma wazama". Jua kuzama ni lugha ya kila siku, hakuna anayeshtuka. Ufuko kuzama tayari ni jambo jingine: anayesema hivyo yuko majini, na nchi kavu inamtoweka. Hakuna mahali shairi linaposema kwamba mtu amezama. Limelizoesha sikio neno hilo mara mbili kabla ya ubeti wa tatu, kisha likamwacha msomaji amalizie mwenyewe. Andika hivyo, lakini kwa tahadhari: sema shairi linadokeza. Usiandike "baba alizama" kana kwamba umeambiwa.

Kisha tazama vina vya kati vya ubeti wa tatu: alipoondoka, "Nitafika", Hakufika. Viwili vya mwisho ni kitenzi kimoja, mara ya kwanza kikiwa ahadi, mara ya pili kikiwa kimekanushwa. Badilisha uweke "Hakurudi". Maana karibu ni ileile na mizani ni 4 ileile. Lakini kina cha -ka kimevunjika, na ahadi haijajibiwa kwa neno lake lenyewe. Mshairi mvivu angeambiwa kwamba amerudia kina kwa kukosa neno jingine. Hapa kurudia huko ndiko kunakobeba msiba.

Linganisha pia "alipoondoka" ya baba na "nauondosha" ya mtoto katika ubeti wa nne. Mzizi ni mmoja, na vyote viwili vimekaa kwenye kina cha kati. Baba aliondoka, mtoto sasa ndiye anayeuondosha mtumbwi. Na sikiliza ubeti huo wa nne ulivyojaa sauti ya sh: naiwasha, yanakesha, nauondosha, kisha kesho. "Yanakesha" na "kesho" zinakaribiana hivi kwamba macho ya mama na swali la kibwagizo yanasikika kama jambo moja.

Kibwagizo kinataka aya yake peke yake. Katika beti tatu za kwanza maneno hayabadiliki: "Taa zawaka ziwani, nani ajuaye kesho?" Usome kila kimoja kwa kuanzia mshororo ulio juu yake. Katika ubeti wa kwanza ni picha ya kazi ya kawaida. Anayesimama mwaloni usiku huziona karabai za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. (Kwa wavuvi "giza" ni msimu vilevile, zile siku za mwezi kutoonekana, ambazo ndizo za kuvua kwa taa, kwa kuwa mbalamwezi hushindana na mwanga wa karabai na dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo "ni giza" ya mshororo wa kwanza inasema pia kwamba ndio wakati wa kazi.) Katika ubeti wa pili tuko majini, na taa ni za wenzetu walio jirani. Katika ubeti wa tatu kuna mgongano: kumekucha, na bado taa zawaka. Taa za dagaa huzimwa kukicha. Basi ama mtoto bado anauona usiku ule akilini, ama anaendelea kutazama ziwani hata baada ya mwanga. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni saa, na saa ndiyo imeyageuza maneno.

Mara ya nne ukwapi unakuwa "Taa yangu i ziwani". Wingi umekuwa umoja, na taa ambazo hazikuwa za mtu sasa ni yangu. Utao haukuguswa. Swali lililokuwa la watu wote limebaki vilevile, ila sasa linamhusu anayeliuliza. Ona pia kwamba -sho haina mwenzake ndani ya ubeti wowote. Kibwagizo kinachukua -ni toka mwisho wa mishororo ya juu na kuipeleka katikati, kisha kinafunga kwa kina ambacho hakuna mshororo mwingine wa ubeti ule unaokiitikia. Swali lisilojibiwa limepewa kina kisichojibiwa.

Kipo kitu kimoja ambacho sitakulazimisha ukione kama mimi. "Mawe ya Mwanza sioni." Hadi hapo habari ilikuwa ya wavuvi, "wao". Ghafla imeingia nafsi ya kwanza, kabla hatujamfahamu msemaji. Je, mtunzi alihitaji kina cha -ni akaikubali nafsi iliyokuja nacho? Au msemaji wa ubeti wa pili ni yule mtoto wa ubeti wa nne, akiwa majini, akitusimulia safari yake kabla ya kutueleza sababu yake? Mimi naelekea kwenye la pili, kwa sababu ya mapigo niliyoyaonyesha: kasia linasimama kwenye mshororo uleule ambamo "mimi" anaingia. Lakini mtu anaweza kutetea la kwanza, maana "hayaoni" ya nafsi ya tatu ingekipa kipande mizani 9. Katika jibu lako, taja njia zote mbili kwa sentensi moja moja, chagua, na utoe ushahidi. Kusita ukiwa na ushahidi hakupunguzi alama. Kudai bila ushahidi ndiko kunakopunguza.

Kuhusu kuandika lenyewe. Usipange jibu kwa vichwa vya "vina", "mizani", "takriri" ukajaza kila kimoja mistari mitatu. Fungua kwa sentensi mbili za umbo: tarbia (shairi la mishororo minne kwa kila ubeti) ya beti nne, mizani 8 kwa 8 isipokuwa mshororo mmoja, vina vya ukara, kibwagizo kinachobadilika mwishoni. Baada ya hapo kila aya ichukue sehemu moja ya shairi na ionyeshe mbinu zinavyosaidiana hapo. Kila dai liwe na maneno yaliyonukuliwa na namba ya ubeti. Aya moja inaweza kuwa hivi:

"Katika ubeti wa tatu mtunzi anaahidi na kukanusha kwa kitenzi kimoja, 'Nitafika' na 'Hakufika', vyote vikiwa kwenye kina cha kati. Ubeti una mizani 16 kwa kila mshororo isipokuwa wa tatu, ambao umekatwa baada ya mizani 8, hivyo kina cha mwisho, -ni, hakipo. Kwa kuwa vina vingi vya -ni katika shairi hili ni vya mahali, kukosekana kwake kunamwacha baba bila mahali. Msomaji anayesoma kwa sauti hunyamaza palepale, na kimya hicho kinatangulia swali la kibwagizo, 'nani ajuaye kesho?', ambalo sasa si swali la jumla tena."

Ni sentensi nne, na ndani yake mna vina, mizani na urudiaji bila kutenganishwa. Kama muda wa mtihani ni mfupi, aya tatu za namna hiyo zinashinda ukurasa mzima wa hesabu.

Sasa swali lako la mwisho, juu ya mashairi yasiyo na vina wala mizani. Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi vina na mizani vilikuwa ndiyo mpaka wa shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho hukohuko mkoani Mwanza, alitoa diwani ya Kichomi iliyoandikwa kwa mtindo huru, na mabishano yakawa makali kuhusu kama hayo ni mashairi. Leo yote mawili yanafundishwa, nawe unatakiwa uweze yote mawili. Kosa la kuepuka ni kuandika "halina vina wala mizani, hivyo halina muundo", kisha ukahamia kwenye dhamira.

Kisa kilekile kingeweza kuandikwa hivi:

Baba aliondoka.
Alinishika bega.
Nitafika, alisema,
weka chai.
Kumekucha.
Chai imepoa.
Kumekucha.

Vina vikiondoka, kazi yake huchukuliwa na vitu viwili: mahali mshororo unapokatwa, na kinachorudiwa. Hesabu silabi hata hapa, si kwa kutafuta usawa bali kwa kuona urefu unavyokwenda: 7, 7, 8, kisha 4, 4, 6, 4. Mishororo inafupika mara tu baada ya ahadi kutamkwa. "Kumekucha" imekuja mara mbili, na kati yake chai imepoa, kwa hiyo ya kwanza ni saa tu na ya pili ni habari mbaya. Neno "hakufika" halimo kabisa, na hakuna haja liwemo. Ukipewa shairi la namna hii, piga mstari chini ya kila kilichorudiwa, zungushia duara neno la mwisho la kila mshororo, andika urefu wake pembeni, kisha anza kuandika toka pale urefu unapobadilika.